Msifukie Kisima cha Baba

Ndugu zangu wa Ngaremara na Isiolo yote, wa Meru, wa Nanyuki. Na wewe uliye mbali ambaye nyumbani kwa marehemu baba yako, chini ya turubai, limelala gari la Marekani lililokuzidi umri: ngoja kwanza. Weka chini nyundo na tupa. Nina neno nawe kabla hujamwita fundi.

Katika kitabu cha Mwanzo, sura ya 26, kuna habari ambayo mfugaji wa huku hahitaji kufafanuliwa. Ibrahimu alichimba visima. Alipokufa, Wafilisti wakavijaza udongo. Akaja Isaka mwanawe, mtu mwenye mifugo na watumishi tele, mwenye nguvu ya kuchimba popote alipotaka. Lakini kabla ya kuchimba kipya hata kimoja, alianza na vya baba yake. Alitoa udongo mpaka maji yakaonekana. Kisha akaviita kwa majina yale yale aliyoviita baba yake.

Tazameni mambo mawili aliyoyafanya: alitoa udongo, na alirudisha jina. Mwenye gari la kale hana kazi nyingine zaidi ya hizo mbili.

Nasema haya nikiwa mwenye hatia. Mjomba wangu alikuwa dereva wa mfanyabiashara mmoja wa huku kaskazini, na tajiri yake alipofunga duka na kuondoka, alimwachia Pontiac Parisienne ya mwaka 1962. Gari refu, pana, kiti cha mbele kimoja kama kitanda, kromu toka taa hadi taa. Mjomba aliliosha kila Jumamosi hata baada ya kuzima na kukataa kuwaka. Alipofariki likaja mkononi mwangu, limesimama chini ya mgunga, kuku wametagia kiti cha nyuma. Nikamleta fundi. Akafunua boneti, akaangalia, akaniambia kwa uhakika kwamba injini ile si ya gari lile. Ni ya Chevrolet. Mjomba wangu alibadilishiwa.

Nilimwamini. Nilimwonea mjomba aibu, maskini, kwamba alikufa akiringia gari lililochezewa. Injini ikang'olewa, ikapimwa kwenye mizani, ikauzwa kwa bei ya chuma chakavu. Ikaingizwa ya mtumba kutoka Japani. Bodi ikasuguliwa hadi bati likalia, ikapakwa puti, ikapulizwa rangi nyekundu. Watu wakanipongeza. Nilijisikia mtoto mwema.

Miaka ilipita ndipo nikaujua ukweli. Pontiac zilizoundwa Oshawa, Canada, tofauti na dada zao wa Marekani, zilijengwa juu ya chesisi ya Chevrolet na kuwekewa injini ya Chevrolet. Ndivyo zilivyozaliwa kiwandani. Na hizo za Canada ndizo zilizoletwa kwetu zikiwa na usukani wa kulia. Parisienne ndiyo iliyokuwa juu kabisa katika safu yao. Injini niliyoihukumu kuwa ya bandia ndiyo iliyokuwa ya kweli. Mjomba hakuwa amedanganywa na mtu. Wafilisti walikuwa wawili, fundi na mimi, na kisima tulikijaza mchana kweupe huku tukishangiliwa.

Kwa hiyo nisikilizeni. Watu husema wanapenda gari orijino, na wanachokimaanisha ni gari linalong'aa. Kung'aa si asili. Asili ya gari ni habari zake: lilizaliwa wapi, lilitoka kiwandani na nini mwilini, limepita njia gani, nani alilishika na alilitunza vipi. Hata kufanana na picha ya kitabuni si asili, maana kitabu kile chaweza kuwa kinasimulia ndugu yake. Usiliulize gari kwa nini halifanani na jingine. Liulize lenyewe ni nani. Mwacha asili ni mtumwa, walisema wazee, na mimi naongeza: anayemvua mwingine asili yake amemtia utumwani.

Sisi Waturkana tunalijua hili kuliko mtu yeyote. Mwanamume kwetu hupata jina kutokana na dume lake la kusifiwa, kwa rangi yake na kwa namna ya pembe zake. Ng'ombe wetu wana alama za masikio na chapa za moto, na mzee akiziona kisimani anajua mnyama ni wa ukoo gani hata kama mchungaji ni mtoto asiyemfahamu. Ni nani huchoma chapa mpya juu ya chapa ya zamani? Ni mwizi. Hakuna mwingine mwenye haja ya kufanya hivyo. Basi wewe unayefuta namba ya chesisi kwa kukwangua, unayepiga puti juu ya jina la mmiliki wa kwanza lililochorwa mlangoni, jiulize mkono wako unafanana na wa nani.

Lakini msinielewe vibaya. Sisemi gari lirudishwe liwe kama siku lilipotoka Detroit, kana kwamba Afrika haikuligusa. Huo nao ni ufukiaji. Mwaka 1924 Martin na Osa Johnson, Wamarekani wapiga picha za sinema, walipita Isiolo wakielekea Marsabit, kwenye ziwa walilolipa jina la Paradise, na huko wakakaa hadi 1927. Walisafiri kwa magari ya Willys-Knight yaliyotoka Toledo, Ohio, yenye injini isiyo na valvu za kawaida bali mirija ya chuma inayoteleza ndani ya silinda. Leo basi la Moyale linapita hapa Ngaremara juu ya lami likiimba. Wakati ule ilikuwa mchanga, mawe na mito isiyo na daraja. Fikirini gari moja la namna hiyo likipatikana na vyuma vyake vilivyopinda na mbao za kubebea mizigo zilizopigiliwa huku huku. Je, utayanyoosha yote uyafute? Utakuwa umeifuta safari.

Katika miaka ile ile walikuwepo waliokuwa wakinunua magari ya Marekani, wakaagiza mafundi wa Kenya waunde nyuma boksi la mbao la kubebea watu na mizigo. Majina ya mafundi hao hatunayo, ila kazi yao ilidumu kwenye mbao zile. Anayezing'oa ili arudishe umbo la katalogi ya Marekani anawazika mababu zetu mara ya pili. Basi shikeni tofauti hii: kovu na kinyago. Kovu linasema yaliyotokea. Kinyago kinaficha. Kovu liache. Kinyago kiondoe.

Nenda ukaone Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam. Kuna Rolls-Royce iliyotumiwa na serikali ya kikoloni ya Mwingereza, kisha ikamchukua Mwalimu Nyerere. Ni gari lile lile. Mtoto wa shule akisimama mbele yake anaiona historia nzima bila kuambiwa: dola moja iliteremka, taifa likapanda. Kama mtu angekuwa na wazo la kulifanya lipendeze kwa rangi mpya na viti vipya, mtoto yule angekuwa anatazama gari tu.

Na kwetu Kenya jambo hili lina uzito zaidi. Kanuni za uagizaji haziruhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8, na usukani sharti uwe kulia. Kwa hiyo magari ya kale ya Marekani tuliyo nayo ni yale yaliyofika zamani. Hayaletwi mengine. Kila moja linalokatwa kwa gesi na kupelekwa kwenye mizani ni kama dume la mwisho la ukoo kuchinjwa kwa ajili ya supu ya jioni moja. Kwa miaka mingi Nairobi imekuwa na mashindano ya Concours d'Elegance, ambako magari hukaguliwa kwa makini. Nawaheshimu wanaoyaleta magari yao pale yakiwa safi. Nawasihi tu wasisugue ushahidi pamoja na uchafu.

Mafundi, nina neno nanyi pia, kwa upendo. Mwaka 1908 huko Uingereza, Cadillac 3 zilifunguliwa zote, vipuri vyake vikachanganywa, kisha zikaundwa upya kutokana na lundo lile kwa spana na bisibisi tu, pasipo tupa. Zikawaka, zikakimbia maili 500 kwenye uwanja wa Brooklands. Dunia ilistaajabu, maana siku zile kila kipuri kilisuguliwa kwa mkono mpaka kikubali kuingia. Aliyekuwa nyuma ya kazi ile ni Henry Leland, mzee yule yule ambaye mwaka 1917 alianzisha kampuni ya Lincoln na kuipa jina la rais aliyempigia kura ujanani. Mzee huyo aliamini kipimo. Ukilazimisha kwa nyundo kipuri kisichoingia kwenye Cadillac, au ukakisugua kikonde, hujatengeneza. Umeivunja ahadi aliyoitoa mtu mwingine. Simama. Tafuta kile kinachostahili. Subira ni chombo cha kazi kama spana.

Najua kuna anayeninong'onea: mhubiri, sisi tumetoka kwenye ukame. Tangu mwisho wa 2020 misimu 5 ya mvua ilipita mfululizo bila mvua ya kutosha, tukatazama mifugo ikianguka. Wewe unatuletea habari za magari ya matajiri? Ndugu yangu, nami nilizika mbuzi wangu. Ndiyo maana nasema nawe. Baada ya ukame tulinunua wengine, tukashukuru. Lakini wewe na mimi tunajua kwamba mbuzi wa sokoni hakurudisha uzao ule uliotoka kwa nyanya. Aliyepoteza kitu kisichonunulika ndiye wa kwanza kukilinda kinachobaki. Na simwambii mwenye njaa asiuze gari. Auze. Ila aliuze likiwa zima, na habari zake zote, kwa atakayelitunza. Hata bei itamshukuru.

Basi fanyeni hivi. Kabla ya kugusa, someni. Tafuteni namba ya chesisi, na kwenye magari ya General Motors kibati cha bodi chenye tarakimu za rangi na za vitambaa vya viti. Pigeni picha, nakilini, wekeni pamoja na logibuku. Muulizeni mzee angali hai. Osheni kabla ya kusugua: rangi inayoonekana imekufa mara nyingi imelala tu chini ya vumbi, na maji, sabuni laini na kitambaa vitaiamsha. Breki, tairi, mipira na nyaya zilizooza, badilisheni bila kusita; uhai wa mtu ni mkubwa kuliko bomba la breki, na hata kisima cha Ibrahimu kilibadilishwa kamba. Ila mnachokitoa msikitupe. Kifungeni, kiandikeni kilitoka wapi na lini, kwa ajili ya atakayekuja. Ninyi si wa mwisho kukishika.

Gari la mjomba bado ninalo. Injini sikuipata, wala sitaipata. Lakini mwaka jana nilipoinua zulia la buti nilikuta mahali ambapo bomba la rangi nyekundu halikufika. Kiganja kimoja cha rangi ya kwanza, kijani cha jani changa. Nilitoa udongo kwa kitambaa chenye maji, polepole, sikuongeza kitu. Nikamwita shangazi, mjane wa mjomba, ambaye macho yake sasa ni mazito. Aliinama akatazama kwa muda mrefu. Kisha akalitaja gari kwa jina ambalo mjomba alikuwa akiliita, jina ambalo sikuwa nimelisikia tangu utotoni.

Maji bado yapo chini, ndugu zangu. Toeni udongo.

Amina.