KUNGOJA JUU YA MNARA
Somo: Habakuki 2:1-4



Habakuki alipanda mnarani kungoja jibu la Mungu. Wayahudi wamengoja hivyo karne nyingi, wakimtazamia Masihi. Nasi twajua kungoja, maana wengi wetu hatukosi mbele ya ubao wa majina.

Huko Ujerumani mwanafalsafa Hegel (1770-1831) alifundisha kwamba historia ya dunia inasonga hatua kwa hatua kuelekea uhuru. Baada yake wengi waliamini maendeleo yatajileta yenyewe, na wanaosagwa njiani ni gharama tu. Mafundisho matamu kwa aliyepanda gari, siyo kwa aliye chini ya magurudumu.

Walter Benjamin, Myahudi aliyezaliwa Berlin mwaka 1892, aliyakataa. Alimkimbia Hitler mwaka 1933, akaishi Paris, na mwaka 1939 Wafaransa wakamfungia kambini kwa kuwa ni Mjerumani. Mapema mwaka 1940 aliandika kurasa chache juu ya historia. Anasema humo kwamba Wayahudi walikatazwa kupiga ramli, lakini siku zijazo hazikuwa tupu kwao, kwa kuwa saa yoyote Masihi aweza kuingia. Tena wokovu huo unawadai walio hai kwa ajili ya wafu waliosahauliwa. Ndugu zangu, wale tuliowazika njiani bila jeneza si gharama ya maendeleo ya mtu yeyote.

Sisi twakiri kwamba Masihi amekwisha kuja, naye atarudi. Hapo twatofautiana na Wayahudi, wala sifichi. Lakini katika kukesha wao ni walimu wetu. Anayekesha huwasha taa leo, hasemi, "Mtoto atasoma tukifika nchi ya tatu."

Septemba 1940 Benjamin, mgonjwa wa moyo, alivuka milima ya Pyrenees kwa miguu. Huko Portbou, Hispania, akaambiwa atarudishwa Ufaransa. Usiku ule akakata tamaa, akajiua. Simhukumu. Wanaoujua usiku wa mpakani wamo humu kambini. Mwenye kubeba usiku kama huo aje kwetu, mimi na wazee wa kanisa, hata saa nane za usiku. Asione haya.

Nakala ya kurasa zile alikuwa amempa rafiki yake Hannah Arendt, naye mkimbizi. Akiwa Lisbon na mumewe, wakingoja meli ya Marekani, walizisoma kwa sauti mbele ya wakimbizi wenzao. Zikachapishwa mwaka 1942.