Kizingiti cha Kipato

Queensbury ni mtaa wa kaskazini-magharibi mwa London, mpakani mwa Brent na Harrow, wenye safu za nyumba za miaka ya 1930 na stesheni iliyofunguliwa mwaka 1934. Mgeni kutoka Afrika Mashariki hachelewi kusikia Kiswahili huko, kwani miongoni mwa wazee wa Kihindi wa mtaa huo na wa jirani yake Kingsbury wamo waliozaliwa Nairobi, Kampala na Dar es Salaam. Jioni moja nilizungumza hapo na mama mmoja wa Mombasa, msafishaji wa ofisi, ambaye mumewe ni dereva wa basi. Alikuwa amepewa zamu ya ziada ya usiku, akaikataa. "Nikiichukua, mwalimu, tutaipita ile namba, na orodhani tutatolewa," aliniambia. Namba hiyo ni ukomo wa kipato kwa wanaongojea nyumba ya umma. Familia yake ilikuwa imengoja miaka sita.

Je, ni haki kumpima mtu anayehitaji makazi kwa kiasi cha fedha anachopata?

Uingereza imelijibu swali hili kwa namna zinazopingana. Sheria ya mwaka 1890 ilizihesabu nyumba hizi kuwa za tabaka la wafanyakazi. Mwaka 1949 Aneurin Bevan, waziri aliyesimamia afya na makazi, aliyaondoa maneno hayo sheriani, kwa hoja kwamba daktari, muuza nyama na kibarua wanapaswa kuishi mtaa mmoja. Mwaka 2011 sheria nyingine iliziruhusu halmashauri za miji kuamua nani aandikishwe katika orodha, na baadhi yake zikaweka ukomo wa kipato. Kisha sheria ya mwaka 2016 ilikusudia kuwafuata hata waliokwisha kupata nyumba: kaya yenye kipato cha zaidi ya pauni 40,000 kwa mwaka London, au 31,000 kwingineko Uingereza, ingelipishwa kodi ya juu zaidi. Novemba mwaka huohuo serikali iliacha kuzilazimisha halmashauri kufanya hivyo.

Wanaotetea ukomo wana hoja nzito, na si haki kuipuuza. Nyumba ni chache. Kila nyumba anayokaa mwenye nacho ni nyumba ambayo mtoto wa hohehahe, anayelala chumba kimoja na wazazi wake katika hosteli ya muda, ameikosa. Bob Crow, kiongozi wa chama cha wafanyakazi wa reli aliyefariki mwaka 2014, aliishi katika nyumba ya umma ingawa malipo yake kwa jumla yalizidi pauni 100,000, na alikataa kwamba ana wajibu wa kuhama. Wengi walikasirika, na hasira yao ilikuwa na msingi.

Lakini tutazame namba yenyewe. Mwaka ule wa 2016, ujira wa saa moja uliopendekezwa na wanaharakati kuwa unamtosha mtu kuishi London ulikuwa pauni 9.40. Mume na mke wanaolipwa kiasi hicho, kila mmoja kwa saa 40 za wiki, wangepata takriban pauni 39,100 kwa mwaka. Zamu chache za ziada zingetosha kuwaweka katika kundi la wenye kipato kikubwa. Mstari uliochorwa kwa ajili ya Bob Crow ungewakuta msafishaji na dereva.

Kenya nayo imechora mistari yake. Sheria ya Nyumba za Gharama Nafuu ya mwaka 2024 inawatenga wenye kipato cha chini ya shilingi 20,000 kwa mwezi na wale wanaofika 149,000. Anayelipwa mshahara anajua alipo. Mama mboga wa Gikomba, ambaye mwezi wa mvua hupata nusu ya alichopata mwezi uliopita, yuko upande gani wa mstari? Kipato kina mawimbi, ilhali namba imesimama palepale.

Wazee wa Queensbury waliotoka Dar es Salaam wanaijua namba ya aina nyingine. Aprili 1971 serikali ya Tanzania ilitwaa majengo ya kupangisha yenye thamani ya shilingi 100,000 na zaidi, yakawekwa chini ya Msajili wa Majumba. Nia ilikuwa ya usawa, na mpangaji maskini alikuwa na kila sababu ya kuifurahia. Hata hivyo mjane aliyepangisha ghorofa ya chini ili apate riziki alihesabiwa pamoja na tajiri wa majumba kumi. Namba haikuuliza mwenye jengo ni nani wala analitegemeaje.

Kiswahili huuita ubao wa chini wa mlango kizingiti, na neno hilohilo hutumika kwa maana ya kikwazo. Naona maana ya kwanza ndiyo ituongoze. Kizingiti huvukwa wakati wa kuingia. Penye uhaba ni halali kuuliza mlangoni nani ana shida zaidi, mradi kipato kitazamwe kwa miaka kadhaa, na anayezidi kidogo asogezwe nyuma kidogo, asifutwe. Ila aliyekwisha kuingia, akapata majirani, watoto wakazoea shule, hapaswi kuulizwa kila mwaka kama bado ni maskini kiasi cha kutosha. Makazi yanayodumu kwa sharti la ufukara humfundisha mtu kuiogopa riziki yake mwenyewe.

Msimamo huu una gharama, na anayeilipa ni yule mtoto wa hosteli, atakayengoja zaidi. Siwezi kumwambia kwamba haki imetendeka kwake. Naweza kusema tu kwamba deni lake linadaiwa kwa wenye mamlaka ya kujenga, wala si kwa mwanamke anayesafisha ofisi usiku.

Nilimuuliza yule mama zamu ile ilikwenda kwa nani. Akanijibu kwamba aliichukua mwenzake, ambaye hayumo katika orodha yoyote.