Soma Fyuzi Kabla ya Boksi

Pamba ikishapimwa na fedha ikishaingia mfukoni, kijiji chetu cha Ipililo huchangamka. Harusi zilizokuwa zinangoja mavuno zinafungwa, ngoma zinatoka, wenye vibanda wananing'iniza spika nje ya mlango, na haupiti muda mrefu amplifaya zinaanza kuletwa kwa fundi. Moja inakuja kwenye baiskeli, nyingine juu ya pikipiki imefungwa kwa mpira, zote zikinuka harufu ileile ya kuungua. Msimu huu nimeuona miaka na miaka. Mashine zimebadilika, kutoka zile za kaseti hadi sabufa zenye taa za rangi na tundu la flashi, lakini ugonjwa ni uleule, na maelezo ya mwenye mgonjwa ni yaleyale: "Mzee, ilikuwa inapiga vizuri tu, mara ikakata."

Haikukata mara, mwanangu. Ilianza kufa siku ulipoidai kitu isichokuwa nacho.

Simlaumu mtu kwa kupenda sauti kubwa. Sisi Wasukuma tumerithi jambo hilo. Tangu zama za mababu, makundi ya ngoma ya Bagika na Bagalu yanakutana uwanjani baada ya mavuno, kila kundi na upande wake, na mshindi ni yule aliyevuta watazamaji wengi. Umati ukihamia kwa wenzako, umeshindwa, basi. Ndiyo maana manju wa zamani walitafuta hata dawa ya kuvuta watu. Leo wajukuu zao wanatafuta wati. Hamu ni moja, na hamu si dhambi. Tabu inaanza pale hamu inapokwenda sokoni bila kujua kusoma mizani.

Tuanze na boksi. Boksi huandikwa na mwenye kuuza, kwa hiyo litakusomea unachotaka kusikia: wati 1000, wati 2000. Sasa chukua ile amplifaya ndogo inayokunywa betri ya volti 12 moja kwa moja, isiyo na inveta ndani ya kupandisha umeme. Kwa spika ya omu 4, mashine ya namna hiyo ikiundwa kwa mtindo wa kawaida inaishia kwenye wati 4 na nusu hivi za sauti safi. Ikiundwa kwa mtindo wa daraja, ambao ndio unaoikamua betri mpaka tone la mwisho, inafika wati 18. Hapo ndipo mwisho wa volti 12, hata fundi awe nani. Wati 1000 kwa volti 12 zingetaka ampea zaidi ya 83, na ule waya mwembamba uliouziwa nao ungeyeyuka kabla wimbo haujafika kwenye kiitikio.

Kwa hiyo ukienda dukani, iwe Maswa au Bariadi, geuza mashine nyuma usome fyuzi. Ukikuta ampea 10 na mashine ni ya volti 12, zidisha: wati 120, na hizo ni zote kwa jumla, pamoja na zile zitakazogeuka joto tu. Fyuzi haina biashara na wewe. Yenyewe inataja kipimo.

Tamaa ya pili iko kwetu sisi mafundi. Mteja anasema, "Iongezee nguvu kidogo," na kijana, kwa kutaka asionekane hajui, anaitikia. Anatoa transfoma ya 24-0-24 anaweka ya 35-0-35. Umeme wa 24 ukishapita kwenye diodi na kutulia kwenye kapasita unakuwa karibu volti 34 kila upande. Wa 35 unakuwa karibu 49. Na kapasita zilizomo ndani zimeandikwa volti 35! Hizo zitavimba kichwa, kisha zitapasuka, na bahati yako kama uso wako haukuwa juu yake wakati huo.

Lakini tuseme fundi ni mjanja, kapasita kabadilisha na transista zimevumilia. Nguvu imekuwa mara mbili hivi. Sikio limepata nini? Desibeli 3. Mtu aliyekaa chini ya mwembe, ukimwambia atege sikio, atakubali kwamba kuna kitu kimeongezeka. Usipomwambia, hatajua. Ili asikie kwamba sauti imekuwa mara mbili, nguvu inatakiwa kuongezwa kama mara kumi, kutoka wati 50 mpaka 500. Joto lenyewe halingoji kutegewa sikio. Joto limekuwa mara mbili kweli, na chuma cha kulipoza ni kilekile cha mwanzo.

Na joto ndilo mwuaji wa huku kwetu. Iko transista ya 2N3055, imezaliwa Marekani miaka ya 1960 na mpaka leo inafanya kazi duniani kote. Karatasi yake inasema wati 115. Ukisoma mstari unaofuata utaona kwamba hizo ni wati za pale mwili wake ukiwa kwenye nyuzi 25. Mwili ukipanda hadi nyuzi 112 hivi, umebaki na nusu ya hizo. Sasa iweke mashine juani mchana wa Simiyu, izibwe matundu na vumbi na nyuzi za pamba, kisha mama mwenye nyumba, kwa nia njema kabisa, aifunike kitenge isichafuke. Hapo hata mashine iliyonunuliwa kwa bei halali haitamaliza harusi.

Wenzetu wa redio za ridhaa nao wanao ugonjwa huu wa kutamani wati, ingawa wamesoma kutuzidi. Nawasema wale wanaojengea mitambo nyumbani na kuzungumza na dunia kwa mawimbi. Hapa nchini leseni zao hutolewa na TCRA, na majina yao ya hewani huanza na 5H. Mtu ana mtambo wa wati 100, anasikika hafifu ng'ambo, basi usiku kucha anaota amplifaya. Ila ili sindano ya mita kwenye redio ya anayemsikiliza ipande hatua moja tu, mwenye wati 100 anahitaji 400. Wakongwe wao huwaambia vijana: panda kwanza juu ya paa ukatazame antena. Wasiosikia hufungua zile amplifaya za valvu zenye volti 2000 mpaka 3000 ndani yake, waongeze hiki na kile, na kapasita za humo hubaki zimeshika umeme hata plagi ikiwa mkononi mwako. Umeme wa namna hiyo haumpi mtu nafasi ya kujifunza mara ya pili. Aliyenusurika naye, akiusukuma mtambo kupita kiasi, sauti yake inafurika na kuchafua masafa ya jirani. Hakuzidi kusikika. Amezidi kuudhi.

Antena ya kwetu ni spika. Spika inayotoa desibeli 93 kwa wati moja, ukiiweka mahali pa ile ya 90, umepata faida ileile ya kuzidisha nguvu mara mbili, na hukugusa hata transista moja. Ndiyo maana spika za honi kwa wati chache tu zinafikisha adhana kijiji cha pili. Na inua spika juu ya vichwa vya watu. Ukiiweka chini, walio mbele wanapigwa tumboni na besi, walio nyuma hawasikii maneno, na wewe unapandisha sauti mpaka mashine inaanza kukwaruza. Kukwaruza huko ndiko mawimbi kukatwa vichwa kwa sababu amplifaya imefika mwisho wake. Twita zinatangulia kufa, kisha watu wanasema spika zilikuwa feki.

Jambo la spika nyingi nalo mlisikie. Spika nne za omu 8 ukizifunga zote sambamba, mashine inaona omu 2, na iliyoandikwa omu 4 itaungua ikijaribu kuwaridhisha wote. Zifunge mbilimbili kwa mfuatano, kisha hizo jozi mbili ziwe sambamba: omu zinarudi 8, mashine inapumua.

Nimefika kwenye lile linalonikosesha usingizi. Fyuzi inakatika, mtu anaondoa waya mbili tatu kwenye kebo anazungushia, au anachukua karatasi inayong'aa ya pakiti ya sigara, au anaunga dairekti kabisa. Muziki unarudi, watu wanapiga vigelegele, yeye anaitwa fundi. Ndugu zangu, fyuzi ilikatika kwa sababu kuna kitu kilikuwa kinakula umeme kupita kipimo. Kumnyamazisha mlinzi hakumfukuzi mwizi. Umeme uleule sasa unatafuta pengine pa kukatikia: transfoma, waya wa ukutani, mkeka. Na msimu wa muziki ndio msimu ambao nyumba nyingi hapa bado zina pamba ndani inayongoja kupimwa, imerundikwa hadi karibu na dari, pengine chumba kilekile chenye amplifaya. Sihitaji kumalizia. Kila mtu hapa anajua jinsi pamba kavu inavyoshika moto.

Basi, mafundi, mnapotengeneza, tengenezeni hivi. Transista ya kutoa nguvu ukiikuta imepiga shoti, usiiweke mpya ukawasha. Haikufa peke yake. Pima mwenzake wa pili, pima zile ndogo zinazozisukuma, pima rezista za omu sehemu ndogo zilizo miguuni mwake, na ile transista inayogusa chuma kusoma joto. Kapasita kubwa zitoe umeme kwanza kupitia rezista, usizipige shoti kwa bisibisi. Nunua spea mahali unapojulikana, maana transista za 2SC5200 feki zimejaa sokoni. Ukitilia shaka, vunja moja ya zilizoungua ulinganishe na ya asili iliyokufa: kipande cha ndani cha feki mara nyingi ni kidogo kuliko inavyostahili. Karatasi ya maika irudishwe, na mafuta yake yapakwe membamba.

Kabla hujawasha, funga balbu ya wati 60 au 100 kwa mfuatano kwenye waya wa umeme. Balbu ya zamani, yenye uzi ndani, kwa kuwa hizi za LED hazifanyi kazi hiyo. Ikiwaka kidogo kisha ikafifia, mashine iko salama. Ikibaki inawaka sana, shoti bado imo, na umeokoa transista zako kwa balbu moja. Halafu, bado hujaunga spika, pima umeme wa moja kwa moja kwenye tundu lake. Mita isome karibu na sifuri. Ikisoma volti kadhaa, spika utakayounga itachomwa koili yake palepale.

Mnaniambia kazi hiyo inachukua muda na mteja ana harusi kesho. Najua. Mteja ana haraka tangu nilipomfahamu, na baba yake alikuwa hivyohivyo. Mwambieni ukweli na bei ya ukweli. Atanung'unika, ataenda kwa fundi wa jirani wa bei ya kutupa, na wengi wao hurudi na mashine iliyoungua mara mbili, wakiwa wamelipa mara mbili. Akirudi msimcheke. Mpokeeni, mkalisheni, fungueni mashine mbele yake mwonyesheni ilipoanzia. Mtu aliyeonyeshwa kapasita iliyovimba hasahau, ila aliyetukanwa hukumbuka tusi tu.

Nanyi wenye mashine, mkijua kipimo chake itawatumikia mpaka muirithishe watoto. Ipeni hewa, ipeni kivuli, shusheni sauti robo, na muziki utasikika vizuri kuliko mwanzo. Mkiniletea nyingine iliyoungua msimu ujao nitaifungua bila kugomba, maana nawajua na nawapenda. Swali langu la kwanza litakuwa lilelile, nini kimeiua, na nitafurahi siku mtakapokuja na jibu lake kabla sijauliza.