Deni la Kovu

Katika nyumba nyingi za vijiji vya Singida moto wa mafiga huwaka chini, mahali ambapo mtoto ajifunzaye kutembea hufika kabla mamaye hajageuka. Aunguapo, majirani huja mbio na jamaa huuza mbuzi. Siku kidonda kifungapo watu husema amepona, na kila mtu hurudi kazini kwake. Je, wajibu wao umekwisha?

Mwili wenyewe hausemi hivyo. Kovu la moto lililoachwa lijifunge lenyewe ni ngozi nyembamba yenye damu haba, iliyokaza penye goti au kiwiko. Hupasuka, hufunga, hupasuka tena. Baada ya miaka mingi, aghalabu 30 au zaidi, kidonda hicho chaweza kugeuka saratani ya ngozi. Mfaransa Jean-Nicolas Marjolin alieleza vidonda vya makovu mwaka 1828 wala hakutambua kuwa ni saratani. Ajabu ni kwamba ugonjwa umebaki na jina lake. Katika hospitali ya Bugando, Mwanza, wagonjwa 56 wa namna hiyo walihesabiwa kwa muda wa miaka 10 hivi, na wengi wao asili yake ilikuwa kovu la moto.

Mgonjwa akichelewa kufika, husemwa kuwa amejiponza: alificha mguu katika kanga, akabandika majani. Mficha maradhi, hunena methali, kilio humfichua. Lakini lawama ya haki hudai ujuzi na uwezo. Nani alimwambia kuwa kovu la utotoni hulindwa? Na aibu iliyomfanya afiche hakuizaa yeye. Ilizaliwa katika macho ya waliomcheka kisimani.

Yupo atakayejibu kwamba hakuna deni lisilo mwisho, na kwamba jamaa aliyekwisha kuuza mbuzi hawezi kudaiwa tena. Jibu hili lina nguvu, hasa kwa maskini. Hata hivyo linachanganya kulipa na kutazama. Linalodaiwa ni dogo: kidonda cha kovu kisichofunga kwa majuma kadhaa kionyeshwe, kikatwe kipande, kipimwe. Kikijulikana mapema, huondolewa na ngozi ikapandikizwa; kikichelewa, huenda ukakatwa mguu mzima.

Mzigo mzito zaidi u juu ya wenye elimu, maana wao walimwona mtoto siku ya kuruhusiwa, nao walijua lile ambalo mama hakulijua. Likisemwa, bado pana nauli ya kutoka Mkalama hadi hospitali kubwa, ambayo mkulima wa alizeti aghalabu huipata baada ya mavuno.