Wazo la Leo: Tazama Upande wa Nyuma

Kila Jumamosi ya pili ya Julai, mji mdogo wa Sisters, jimboni Oregon, Marekani, huvalishwa mifarishi ya viraka. Hutundikwa nje, kwenye kuta za maduka na baraza za mbao, desturi iliyoanza mwaka 1975. Wapo wageni wanaofika kwa magari-nyumba, yale yenye kitanda na jiko ndani. Nawaonea wivu kidogo: aliyelala karibu huwahi kabla njia hazijafurika watu.

Mfarishi una tabaka tatu: viraka juu, pamba katikati, kitambaa chini. Mishono inayopenya zote ndiyo huzishikanisha. Umati hupiga picha rangi za mbele. Lakini upepo ukiinua pindo utaona nyuma, ambako mara nyingi hakuna ua wala nyota, ni njia ya sindano tu. Hapo ndipo mkono wa mshonaji hujulikana. Kwenye maonyesho ya ndani ya ukumbi kwa kawaida huruhusiwi kugusa. Msaidizi mwenye glavu nyeupe ndiye hukufunulia, ukimwomba. Mwombe. Na kabla hujanunua mfarishi wa kitanda kikubwa, kumbuka ukubwa wa kabati la gari-nyumba lako, ikiwa umekuja nalo.