Nyuzi 127 kwa Ushahidi wa Nani?

Joto lililomo ndani ya prosesa ya kompyuta halionwi na mtu yeyote. Anayetazama skrini na kukuta nyuzi 52 za Sentigredi amepewa habari, tena habari iliyopita mikononi mwa wengi kabla ya kumfikia. Ndani ya silikoni mna kijisehemu ambacho volti yake hubadilika kadiri joto linavyobadilika. Saketi jirani huigeuza volti hiyo kuwa namba. Draiva iliyomo kwenye kerneli huisoma namba na kuifanyia hesabu. Faili la mipangilio huipa jina. Ndipo programu huichapa. Kosa likitokea popote njiani, tarakimu ya mwisho huonekana safi vilevile. Fundi anayetafuta kwa nini vihisi vya joto na feni havipatikani, au kwa nini vinatoa namba zisizoingia akilini, anafanya kazi ambayo wanazuoni na wanafalsafa waliifanya karne nyingi kabla ya kompyuta: kupima thamani ya habari iliyosimuliwa.

Wanazuoni wa Hadithi katika Uislamu waliijengea kazi hiyo elimu kamili. Habari haikukubaliwa kwa uzuri wa maneno yake tu. Ilitazamwa sanadi, yaani mnyororo wa wapokezi, na kila mpokezi akachunguzwa uadilifu wake na jinsi alivyokidhibiti kile alichokisikia. Mnyororo nao ulitakiwa uungane, kila mmoja awe amepokea kwa aliyemtangulia. Kihisi hakina uadilifu wala hila, hivyo huenda ikadhaniwa kwamba sharti la kwanza halina kazi hapa. Lakini prosesa za AMD Ryzen 7 1700X na 1800X, zilizotoka mwaka 2017, huripoti namba iliyoongezewa nyuzi 20 kwa makusudi, ili mifumo ya feni ifuate kanuni moja kwa prosesa za aina mbalimbali. Hakuna kilichoharibika. Mtengenezaji ameamua tu kwamba namba ya kuongozea feni iwe tofauti na joto lenyewe, na asiyejua uamuzi huo huamini kwamba mashine yake inaungua. Nia haimo kwenye chuma, lakini imo kwa aliyekitengeneza, na inasafiri pamoja na namba.

Kabla ya kupima ukweli wa shahidi, shahidi mwenyewe apatikane. Kwenye Linux kazi hii hufanywa na mkusanyiko wa programu uitwao lm_sensors, ambao herufi zake mbili za mwanzo zinatokana na chipu za uangalizi za kampuni ya National Semiconductor, kama LM75 na LM78. Kifaa cha USB kikichomekwa hujitambulisha chenyewe. Chipu nyingi za uangalizi hazina adabu hiyo. Zimekaa kimya kwenye anwani fulani, na programu ya sensors-detect haina budi kubisha mlango mmoja baada ya mwingine na kutazama nani anaitika. Kubisha huko kuliwahi kuleta balaa. Baadhi ya kompyuta za IBM ThinkPad za zamani zilikuwa na chipu ya kumbukumbu aina ya 24RF08, ambayo ilipobishiwa kwa namna ya kawaida ya uchunguzi ilichukulia swali kuwa ni amri ya kuandika, ikaharibu data yake, na mashine ikashindwa kuwaka. Tangu hapo draiva husika huitambua kwanza mashine, na ikikuta ni ya IBM hukataa kuendelea.

Kisa hicho kinagusa dhana iliyozoeleka mno, kwamba kuuliza hakubadilishi kitu na kwamba mtafuta ukweli husimama kando akitazama. Hapa swali ni mkondo wa umeme uliopita kwenye waya, na kinachoulizwa hakina njia ya kuutofautisha na tendo lingine lolote.

Mara nyingi zaidi sensors-detect humaliza kazi bila balaa na kusema haikupata kitu. Hapo ndipo wengi hupotoka, kwa kuwa hawakitofautishi kisichopatikana na kisichokuwepo. Huenda chipu ipo, ila ni mpya na kerneli haina draiva yake. Huenda mtumiaji yumo ndani ya kompyuta pepe, ambayo kwa kawaida haioneshwi vihisi vya mashine iliyoibeba. Au huenda chipu imeonekana lakini kerneli imekataa kuigusa, kwa sababu biosi imeshatangaza kupitia mfumo wa ACPI kwamba eneo lile ni lake. Ukataaji huo umekuwa msimamo wa kawaida wa kerneli ya Linux tangu toleo 2.6.31 la mwaka 2009, na una msingi. Chipu hizi husomwa kupitia milango miwili: mmoja wa kutaja rejesta inayotakiwa, mwingine wa kupokea thamani yake. Draiva ikishataja rejesta ya joto, na kabla haijapokea jibu biosi ikaingia kati na kutaja rejesta ya volti, draiva itapokea volti na kuitangaza kuwa joto. Jibu ni sahihi kabisa, isipokuwa ni jibu la swali la mwingine. Mipangilio ya acpi_enforce_resources=lax huondoa kizuizi hicho, nao wanaoiweka kwa kufuata maelekezo bila kujua maana yake hununua namba kwa bei ya kutojua ni ya nini.

Wanafalsafa wa Mimamsa nchini India, hasa Kumarila Bhatta wa karne ya 7, walihesabu kutoonekana kwa kitu kuwa njia halali ya kujua kwamba hakipo. Waliiwekea sharti: kitu chenyewe kiwe cha namna ambayo, kama kingekuwepo, kingeonekana. Mezani penye mwanga, kutoona chungu ni kujua kwamba hapana chungu. Gizani hakumfunzi mtu lolote. Ukimya wa sensors-detect ni habari kwa mwenye kujua ni chipu zipi programu ile inazifahamu, na kwamba ile iliyoko kwenye ubao mama wake ingekuwa miongoni mwao.

Shahidi akipatikana, hutokea kwamba hajui anashuhudia nini. Chipu ina miguu ya kuunganishia vihisi, na inaita kila mmoja kwa namba tu. Mguu upi umefungwa karibu na prosesa, upi karibu na diski, na upi haukufungwa popote, hayo anayajua aliyechora ubao mama. Ndipo huzuka mistari inayodai kwamba sehemu fulani ya kompyuta ina nyuzi 127, au hasi 128. Hiyo ni mipaka ya namba inayoweza kuandikwa kwa biti nane zenye alama ya hasi, na kwa kawaida inaashiria mguu mtupu. Sentensi imetamkwa kwa lugha ya joto, lakini inachokisema ni kwamba hakuna waya. Faili la sensors3.conf humruhusu msimamizi kuupa mguu jina au kuamuru upuuzwe. Na atakayelibandika jina la prosesa kwenye mguu usio wake, kompyuta itamkubalia bila kusita.

Swali zito zaidi ni namba yenyewe inapima nini. Kihisi cha kidijitali kilichomo kwenye prosesa za Intel hakitaji joto. Hutaja umbali uliobaki kufikia kikomo cha juu. Kikisema 48, draiva huchukua kikomo, mathalani 100, ikatoa 48, ikapata zile nyuzi 52. Kwa prosesa za kwanza za Core 2 za mezani kikomo hicho hakikuwa kimetangazwa, hivyo waandishi wa programu walikisia, mara 85, mara 100. Hadi Intel ilipotaja vikomo mwaka 2008, mashine ileile iliweza kuwa na namba mbili za joto zilizopishana nyuzi 15 kulingana na programu iliyoulizwa. Maelezo ya draiva ya k10temp ya AMD ni makavu zaidi: namba inayotolewa si ya kimaumbile, imo kwenye kipimo cha kubuni, na ina maana tu ikilinganishwa na kikomo.

Tatizo hili lina umri. Ili kuthibitisha kwamba kipimajoto kinasema kweli lazima joto la kweli lijulikane, na hilo haliwezi kujulikana bila kipimajoto. Mfaransa Henri Victor Regnault, katika karne ya 19, aliacha kutafuta joto la kweli na kudai jambo dogo zaidi: vipimajoto vya aina moja vikubaliane vyenyewe kwa vyenyewe. Vya zebaki vilipishana kulingana na kioo. Vya hewa vilifaulu zaidi. Mwanafalsafa Hasok Chang, katika kitabu chake cha mwaka 2004 kuhusu historia ya upimaji wa joto, anaona kwamba elimu hii haikujengwa juu ya msingi usiotikisika, bali kila chombo kilisahihishwa na kile kilichofuata, ambacho nacho kilizaliwa na cha kwanza.

Fundi naye hana kipimajoto cha pili cha kukiingiza ndani ya silikoni. Anacho kitu kingine, akili. Kompyuta inayopozwa kwa hewa, iliyozimwa usiku kucha, haiwezi kuwa baridi kuliko chumba ilimolazwa. Kihisi kikidai nyuzi 15 chumbani mwenye nyuzi 28, kimehukumiwa bila kufunguliwa. Mwanazuoni wa Kiislamu al-Ghazali alieleza hukumu ya namna hii: jicho huiona nyota ndogo kama dinari, na hesabu ikathibitisha kwamba ni kubwa kuliko dunia. Kisha akauliza ni nani ajuaye kama juu ya akili hakuna hakimu mwingine atakayeikadhibisha kama yenyewe ilivyolikadhibisha jicho.

Kwa upande wa feni, mambo yanaonekana mepesi kwa kuwa feni inaweza kutazamwa. Waya wake wa tatu hutoa mapigo, kwa kawaida mawili kwa kila mzunguko. Chipu za zamani hazikuhesabu mapigo. Zilihesabu muda kati yake kwa kihesabu cha biti nane, na kasi ikapatikana kwa kugawanya 1,350,000 kwa hesabu hiyo iliyozidishwa na kigawanyo. Kigawanyo kikiwa 2, feni yoyote inayozunguka chini ya takriban mara 2,650 kwa dakika hujaza kihesabu, nayo huandikwa sifuri. Sifuri moja inabeba maana nne: feni imekwama, haikuchomekwa, imezimwa makusudi kwa kuwa hakuna joto, au inazunguka taratibu kuliko chipu inavyoweza kusubiri. Kigawanyo kikipandishwa hadi 8, feni iliyokuwa “imekufa” hufufuka kwenye skrini bila kuguswa.

Watumiaji wengi hujituliza kwa wingi wa mistari: sita inakubaliana, basi ni kweli. Wanazuoni wa Hadithi waliipa habari ya mutawatiri, ile iliyopokewa na wengi katika kila tabaka, daraja ya yakini, lakini kwa sababu wingi huo ulizuia watu kula njama. Viini sita vya prosesa moja vina vihisi sita, ila vyote vinahesabiwa kwa kikomo kimoja. Kikomo kikikosewa, sita hukosea pamoja na kwa kiasi kilekile. Shahidi huru ni tendo: kuipa prosesa kazi nzito kwa dakika chache na kutazama nani anapanda, kwa kasi gani, na anashuka vipi kazi ikikoma. Mstari usiosogea hata nyuzi moja haupimi kile jina lake linachodai.

Zaidi ya hapo kuna saketi isiyosubiri kusomwa na mtu. Umbali ukifika sifuri, prosesa ya Intel hujipunguzia kasi yenyewe. Joto likizidi kiwango cha hatari, ishara nyingine hukata umeme, na mfumo endeshi hauulizwi. Kerneli huweka hesabu ya mara ambazo kila kiini kimejipunguzia kasi kwa ajili ya joto, nayo husomwa kwenye faili la core_throttle_count. Hesabu hiyo haihitaji draiva kukisia kikomo, kwa kuwa saketi iliyopunguza kasi inatumia kikomo chake yenyewe. Fundi anayeikuta inaongezeka huku skrini ikionyesha nyuzi 60 ana sababu ya kuifuata hesabu kwanza, na kuanza kuichunguza draiva.