AMANA YA MTOTO NA MLEZI ASIYEJUA LUGHA YETU

Bismillahi Rahmani Rahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba zake. Ama baad.

Ndugu waumini, akina baba na akina mama,

Hapa Bukavu mama wengi wanatoka nyumbani alfajiri kwenda soko la Kadutu. Mtoto anabaki na msichana aliyeletwa kutoka Walungu ao Kabare. Msichana anasema Mashi. Mama, mzaliwa wa Kindu ao Kasongo, anasema Kiswahili tu. Wanaelewana kwa vidole. Watu wanatuuliza: inafaa kumwachia mtoto mtu wa namna hiyo?

Mtume wetu mwenyewe alilelewa na Umm Ayman, mwanamke wa Uhabeshi. Alipofiwa na mama yake huko Abwa, akiwa na miaka 6, ni huyo aliyemrudisha Makka. Vitabu vya sira vinasimulia kwamba ulimi wake ulikuwa mzito kwa Kiarabu, hata salamu hakuitamka sawa, na Mtume akamruhusu aitamke kwa ufupi. Alimhesabu kuwa mama yake baada ya mama yake. Basi lugha peke yake haimkatazi mtu kulea.

Kinachotangulia ni uaminifu. Katika Suratul-Qasas, aya ya 26, sifa za mwenye kuajiriwa ni nguvu na uaminifu. Na katika sura hiyo hiyo, aya ya 12, dada yake Musa ndiye aliyeelekeza nyumba ya kumlea mtoto na kumtakia mema. Alisema juu ya nyumba anayoijua. Na wewe usimchukue msichana kwa sababu tu dereva wa gari amemshusha kwako. Tafuta mtu anayejua kwao na anayesema lugha yake, muulize. Kisha kaa naye nyumbani siku mbili tatu, umwangalie anavyombeba mtoto na anavyomlisha. Mtoto akianza kujificha anapomwona, hapo huhitaji mkalimani.

Lakini kuna jambo linalotutia uchungu. Wako wanaomtafuta kwa makusudi msichana asiyejua Kiswahili. Wanasema: huyu hatatoboa siri za nyumba, hataenda kwa jirani kulalamika. Maana yake nini? Ni kwamba mshahara ukikatwa hatasema, akipigwa hatasema, na mwenye nyumba akimwingilia usiku hatasema. Haya yanatokea, na katika nyumba za watu wanaoswali. Tena siku mtoto wako atakapoanguka juu ya mbabula, huyo uliyemchagua kwa sababu ya kunyamaza, atamwambia nani?

Masheikh wa fikihi wanasema kazi ya kuajiriwa haisihi mpaka ijulikane kazi yenyewe na malipo yake. Ijulikane na wote wawili. Kama umetaja franga kwa lugha asiyoielewa, akaitika kwa kichwa, hapo hakuna mapatano. Mwite mzee mwenye kujua Mashi, mbele ya mzazi wake ikiwezekana, aeleze kazi, mshahara, siku ya mapumziko. Suratul-Baqara, aya ya 233, inaporuhusu kumpa mtoto mnyonyeshaji, inashurutisha malipo yatolewe kwa wema. Na msichana wa miaka kumi mahali pake ni shule, hata kama wazazi wake wamekubali.

Siku hiyo hiyo mkalimani awafundishe wote wawili maneno machache: homa, anatapika, anaharisha, ameanguka, njoo upesi. Mama naye ajifunze kwa Mashi. Zayd bin Thabit alijifunza lugha ya wengine kwa amri ya Mtume, kwa muda wa majuma machache. Sisi maneno kumi yatushinde? Dawa iliyoandikwa Kifaransa, muonyeshe kipimo kwa mkono, uweke alama kwenye chupa. Petroli isikae kabisa katika chupa ya maji. Muonyeshe nyumba ya jirani anayesema Mashi, na njia ya kituo cha afya, mwende pamoja mara moja kwa miguu.

Mtoto akianza kuchanganya Mashi na Kiswahili, msimcheke wala msimkataze. Suratur-Rum, aya ya 22, inahesabu tofauti za lugha zetu kati ya ishara za Mwenyezi Mungu.

Leo baada ya swala, wazee wanaojua Mashi, Kihavu na Kirega watabaki msikitini. Mwenye mtumishi nyumbani ambaye hawajapatana kwa maneno, aje naye ama ataje siku wamtembelee.

Wabillahi tawfiq.